Staji ya Mkutubi wa Shule

Mkutubi wa shule ana kazi ya kukifikisha kitabu kwa mwanafunzi anayekihitaji, kisha kukirudisha ili kimfikie mwingine. Sehemu ya pili ndiyo inayowashinda wengi. Kupokea vitabu kwa sherehe, kuvipanga rafuni na kuvipiga picha ni kazi ya siku chache. Kuviazimisha kwa watoto mia tatu mwaka mzima, na bado kujua kila kimoja kiko mikononi mwa nani, ni ufundi, na haupatikani kwa kusikiliza mihadhara peke yake. Kwa sababu hiyo mafunzo ya ukutubi huwa na kipindi cha kujifunza kazini. Tanzania hukiita mafunzo kwa vitendo. Lubumbashi na Mitwaba, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, watu husema staji, na anayeifanya ni stajieri.

Mkutubi wa maktaba ya umma hajui nani ataingia mlangoni kesho. Wa shule anajua. Wasomaji wake wana majina, madarasa na ratiba, na masomo yao yamekwisha kupangwa na serikali: miaka minane ya elimu ya msingi, miaka minne ya humanite, yaani sekondari ya juu, halafu mtihani wa taifa unaomaliza sekondari. Kwa hiyo haanzi na swali la vitabu gani ni vizuri duniani. Anaanza na mwalimu wa darasa la sita anafundisha nini mwezi ujao, na kama katika chumba hiki kuna chochote cha kumsaidia. Miongozo ya maktaba za shule ya IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, iliyotolewa upya mwaka 2015, inalirudia jambo hilo kwa namna nyingi: mkutubi wa shule anafundisha pamoja na walimu. Stajieri anayedhani ameletwa kutunza ghala atakuwa amepotea njia tangu siku ya kwanza.

Mitwaba ni makao ya teritware, yaani wilaya, ya jina hilohilo, kaskazini mwa Haut-Katanga, jimbo lililozaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa kuwa majimbo manne. Hifadhi ya Taifa ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939, iko jirani. Watu wanalima, wengine wanachimba bati na dhahabu kwa mikono. Kiluba kinasikika nyumbani, Kiswahili sokoni, Kifaransa darasani. Vita vya wanamgambo wa Mai-Mai viliitikisa sehemu hii hadi kiongozi wao, Gédéon Kyungu Mutanga, alipojisalimisha Mitwaba yenyewe Mei 2006, na vikafufuka baada ya yeye kutoroka gereza la Kasapa, Lubumbashi, Septemba 2011. Familia zinazokimbia hubeba watoto, sufuria na godoro. Vitabu vya shule hubaki. Mahali penye historia ya namna hiyo, stajieri hategemei kukuta mkutubi mzee wa kumrithisha kazi. Mara nyingi atakuta kabati katika ofisi ya prefe, yaani mkuu wa sekondari, na ufunguo wake mfukoni mwa prefe.

Hata hivyo Afrika imekuwa na mafunzo rasmi ya ukutubi kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1963 ulikuwa na baraka ya pekee: shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki ilianzishwa Makerere, kituo cha kuwafunza wakutubi wa nchi zinazotumia Kifaransa kikaanza Dakar, na Tanganyika ikatunga sheria ya huduma za maktaba. Mwalimu Nyerere aliifungua Maktaba Kuu ya Taifa ya Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, na mwaka 1989 Tanzania ikapata chuo chake cha ukutubi Bagamoyo. Kwa mtu wa Katanga, mlango wa karibu ni Lubumbashi. Chuo Kikuu cha mji huo kina mizizi ya mwaka 1955, kuna Taasisi ya Juu ya Ualimu, kuna shule za Wasalesiani, watawa waliofika mwaka 1911, na kuna vitabu vya kusoma katika Halle de l'Étoile, nyumba ya Institut français.

Kijana wa Mitwaba basi ananufaika na staji yenye vipande viwili. Cha kwanza, kifupi, kifanyike Lubumbashi, katika maktaba inayofanya kazi kweli, ambako ataona foleni ya wanafunzi, kadi zinazojaa na mkutubi anayemjibu mtu wa tano bila kumsahau wa kwanza. Cha pili, kirefu, kifanyike katika shule atakayoitumikia. Wanaofanya Lubumbashi peke yake hurudi na mazoea ya chumba chenye umeme na meza ishirini, kisha wanakata tamaa mbele ya kabati moja. Wanaofanya Mitwaba peke yake hawajaona bado maktaba iliyo hai inafananaje. Na ikiwezekana, anayetumwa awe mwalimu ambaye tayari yuko shuleni hapo. Kijana mgeni akimaliza staji huondoka. Mwalimu hubaki, na watoto wamekwisha kumzoea.

Kabla ya yote huandikwa barua. Chuo kinamtambulisha stajieri, shule inamkubali, na msimamizi anatajwa kwa jina. Jambo la msimamizi lisipuuzwe. Mahali pasipo na msimamizi, stajieri hugeuzwa tarishi: anafuta vumbi, anachapa barua za shule, anapeleka chaki darasani, na mwisho anasainiwa karatasi kwamba amefuzu. Ikiwa Mitwaba hakuna mkutubi wa kumsimamia, msimamizi wa Lubumbashi anaweza kumfuata kwa simu kila juma, huku mwalimu mmoja wa shule akiangalia kazi kwa macho. Stajieri huandika daftari la kila siku, na daftari hilo lina thamani kuliko ripoti nzuri inayotungwa juma la mwisho, kwa maana ndani yake makosa yanaonekana yalipotokea.

Kazi ya kwanza ya mikono ni kupokea vitabu. Kila kitabu kinagongwa muhuri wa shule kwenye ukurasa wa jina, na tena kwenye ukurasa mmoja wa ndani ambao ni uleule kwa vitabu vyote, tuseme wa 25, ili mwizi aliyechana ukurasa wa mbele asiwe amefuta kila alama. Kisha kitabu kinaingia katika rejista: tarehe, namba, mwandishi, jina, mchapishaji, mwaka, kilikotoka, bei kama ilijulikana, na nafasi ya maelezo. Namba haitumiki mara mbili. Kitabu kikipotea mstari wake haufutwi. Katika maelezo huandikwa kimepotea, na lini. Stajieri wengi hufikiri rejista ni orodha ya vitabu vilivyopo. Ukweli ni kwamba ni historia ya mali ya shule, pamoja na isiyokuwapo tena, na ndiyo karatasi ya kwanza atakayoiomba mkaguzi.

Baada ya kupokea hufuata kupanga, na hapa darasani na kazini hutofautiana sana. Mpango wa Melvil Dewey, Mmarekani aliyeutoa mwaka 1876, unagawa elimu yote katika mafungu kumi: dini ni 200, lugha 400, sayansi 500, fasihi 800, historia na jiografia 900. Chuoni hufundishwa kwamba maktaba ndogo inatosheka na tarakimu tatu. Katika Kongo shauri hilo linaleta fujo. Namba 967 peke yake inaichanganya Kongo na Uganda, Kenya na Tanzania. Historia ya Kongo yenyewe iko 967.51. Mwanafunzi wa Mitwaba anayetafuta historia ya nchi yake hatakiwi kuichambua kutoka katika historia ya nusu ya bara, kwa hiyo hapa mkutubi aongeze tarakimu na asione haya.

Fasihi ina utata zaidi. Dewey hufuata lugha iliyotumika. Riwaya ya Kiswahili inakwenda 896.392, lakini Ngando ya Paul Lomami Tshibamba, iliyotoka mwaka 1948, imeandikwa kwa Kifaransa, na inawekwa 843 pamoja na Victor Hugo. Hadithi za Kiluba zilizokusanywa kutoka kwa wazee zinaangukia 398.2, mbali kabisa na fasihi. Mwandishi wa Kongo anatawanywa katika pembe tatu za chumba. Wakutubi wengi wa shule hukataa, na hutenga rafu moja ya waandishi wa nyumbani. Kanuni inavunjwa, lakini mwalimu anaposema “niletee vitabu vya Wakongomani” jibu lake lipo mahali pamoja. Stajieri ajifunze kwanza kanuni, halafu sababu ya kuivunja, na kila uamuzi auandike, la sivyo atakayemrithi atadhani ni uzembe.

Majina nayo yanahitaji uangalifu. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilipowaamuru raia waache majina ya Kikristo, Valentin-Yves Mudimbe, mwanafalsafa mzaliwa wa Likasi, akawa Vumbi Yoka Mudimbe. Herufi za mwanzo zikabaki V. Y., na rafu haikutikisika. Si kila mwandishi ana bahati hiyo. Wengine wana vitabu chini ya majina mawili, na wengine wana jina lenye sehemu tatu ambalo haijulikani mara moja ni sehemu ipi ianze. Dawa ni kuchagua umbo moja na kuweka fishi, yaani kadi, ya kuelekeza kwenye umbo la pili. Stajieri aliyefanya hivyo kwa waandishi kumi atakuwa amejifunza mengi kuliko aliyekariri jedwali zima la Dewey.

Yote hayo ni maandalizi. Kuazimisha ndiko kazi yenyewe. Njia rahisi isiyohitaji umeme ni ya kadi na mfuko. Ndani ya jalada la nyuma hubandikwa mfuko wa karatasi wenye kadi ya kitabu. Kitabu kinapotoka, jina la mwanafunzi, darasa na tarehe ya kurudisha huandikwa kwenye kadi, na kadi hubaki kwenye kisanduku, imepangwa kwa tarehe. Kitabu kikirudi, kadi hurudi mfukoni. Kila asubuhi mkutubi akitazama sehemu ya mbele ya kisanduku anaona waliochelewa. Shule nyingi hutumia badala yake daftari moja refu, mstari kwa mstari, na daftari linatosha kwa juma la kwanza. Ikifika Desemba, kujua kitabu fulani kiko wapi ni kupekua kurasa arobaini.

Lakini kizuizi kikubwa cha kuazimisha ni hofu. Prefe amesaini karatasi ya kupokea vitabu. Vikipotea, ataulizwa yeye; visiposomwa, hakuna atakayemuuliza. Kwa hesabu hiyo anachagua kufunga kabati, na kwa kweli kabati lililofungwa lina hesabu safi kuliko maktaba zote za dunia. Si busara kumlaumu. Stajieri anayekuja na hotuba juu ya utamaduni wa kusoma atasikilizwa kwa adabu, na ufunguo utabaki palepale. Anayefanikiwa ni yule anayeleta makubaliano ya maandishi: kwamba shule inakubali upotevu wa kiasi fulani kwa mwaka, kwamba kila kilichopotea kitaandikwa na kuelezwa, na kwamba mkutubi ndiye atakayeeleza. Shule yenye vitabu 400 ikipoteza 12 imepoteza asilimia 3. Kiasi hicho kikiwa kimekubaliwa na kuandikwa tangu Septemba, Julai hakiwi kashfa. Mazungumzo haya na prefe hayamo katika kitabu chochote cha kanuni, na pengine ndiyo somo kubwa kuliko yote ya staji.

Je, mtoto aliyepoteza kitabu afanywe nini? Elimu ya msingi ya shule za serikali nchini Kongo ilitangazwa kuwa ya bure kuanzia Septemba 2019, na faini ya fedha inarudisha kwa mlango wa nyuma mzigo ulioondolewa mbele. Tena humfukuza yule hasa ambaye nyumbani kwake hakuna kitabu. Adhabu inayofaa ni ya kazi: mtoto asaidie kushona na kubandika vitabu vilivyochakaa, saa moja kwa juma. Huko hujifunza uzito wa kitabu. Aliyechelewesha tu aulizwe sababu kwanza, kwani mara nyingi kitabu hakijapotea, kinasomwa na dada yake.

Mkutubi wa Mitwaba ana maadui wengine ambao mihadhara huwapitia haraka: mchwa, unyevu na vumbi. Mvua hunyesha kati ya Novemba na Aprili takriban, kisha kiangazi huleta vumbi jekundu linaloingia kila mahali. Rafu isiguse ukuta. Pabaki nafasi ya kupitisha mkono, ili njia za mchwa zionekane zinapoanza. Miguu ya rafu isimame ndani ya makopo yenye mafuta yaliyokwisha tumika. Chini ya paa linalovuja pasiwekwe kitabu hata kwa siku moja. Kitabu kilicholowa hakianikwi juani, kwani jua hukikunja na kukipasua. Hufunguliwa kivulini penye upepo, karatasi kavu zikiingizwa kati ya kurasa. Utepe wa kunata unaouzwa madukani usitumike kurekebisha ukurasa, maana gundi yake hugeuka njano na kuila karatasi. Uji wa unga hubandika vizuri, ila humwalika mdudu, kwa hiyo upakwe mwembamba na ukaukie nje.

Upande wa wasomaji una utajiri wake. Mtoto wa miaka ya mwanzo Katanga hufundishwa kwa Kiswahili, mojawapo ya lugha nne za taifa, kabla Kifaransa hakijashika nafasi, lakini vitabu vingi vya msaada vinavyofika shuleni ni vya Kifaransa, na vingine vimeandikwa kwa ajili ya watoto wa theluji na treni za chini ya ardhi. Stajieri ajue kukataa. Sanduku la vitabu visivyosomeka hula nafasi, na shukrani kwa aliyetoa haimlazimishi mtu kuvipanga rafuni. Vya Kiswahili vinapatikana. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini mwaka 2014, unatoa hadithi za watoto kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, na zinaruhusiwa kuchapishwa bure. Kurasa kumi na sita zilizochapishwa Lubumbashi na kushonwa kwa uzi ni kitabu kamili.

Vingine vitungwe palepale. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kama walivyoiona watumishi wa majumbani, kwa Kiswahili chao cha mjini. Mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian akaichapisha, na leo wasomi wa Ulaya na Marekani wanaisoma. Watu wa Katanga wamekwisha kuonyesha kwamba wanaweza kujiandikia. Wanafunzi wa humanite wakitumwa kuandika habari za machimbo, za Upemba, za vijiji vilivyohama na kurudi, na mkutubi akazigonga muhuri na kuzipa namba, shule ya Mitwaba itakuwa na vitabu ambavyo hata Chuo Kikuu hakina.

Kompyuta zinaweza kungoja. Koha, programu huria ya maktaba iliyozaliwa New Zealand na kuanza kazi mwaka 2000, na PMB ya Ufaransa ni zana nzuri, na stajieri azione Lubumbashi. Kwa shule yenye vitabu mia chache, kadi zinatosha. Kifaa kinachofaa zaidi mbali na mtandao ni Kiwix, inayohifadhi Wikipedia nzima ndani ya kompyuta ndogo ili isomwe bila intaneti, mradi pawe na betri na jua la kuichaji.

Kitengesa, karibu na Masaka nchini Uganda, maktaba iliyoanzishwa mwaka 1999 jirani na shule ya sekondari imekuwa ikiwatumia wanafunzi wenyewe: wanafanya kazi maktabani, na ada zao za shule zinalipwa. Wanajifunza kuazimisha, kupanga na kuwasomea wadogo wakiwa bado darasani. Mpango kama huo ungemfaa sana mkutubi mmoja aliye peke yake Mitwaba, kwani hawezi kufundisha, kuazimisha na kushona vitabu kwa wakati mmoja. Wanafunzi wanne wa zamu wakipewa saa ya mapumziko, maktaba inabaki wazi.

Kazi ya mwaka hufungwa kwa kuhesabu. Juma la mwisho kabla ya likizo vitabu vyote vinaitwa, rejista inasomwa namba kwa namba, na kila namba isiyojibu inatafutwa kwenye kisanduku cha kadi. Hapo ndipo stajieri anapoona kazi yake ilivyokuwa: namba aliyoiruka Oktoba, kadi aliyoirudisha mfuko usio wake, darasa ambalo halikuazima hata kitabu kimoja kwa sababu mwalimu wake hakuwahi kuombwa. Ripoti yake iseme hayo, pamoja na vitabu vilivyosomwa zaidi na vile ambavyo havikuguswa. Staji za vyuo kwa kawaida ni za majuma machache, na stajieri wa majuma sita huona ama kufungua ama kuhesabu. Hawezi kuona vyote viwili. Huo ni upungufu mkubwa wa mpango uliopo, na vyuo vya ualimu vingeweza kuurekebisha kwa kumruhusu mwalimu aliye kazini afanye staji yake shuleni kwake kwa mwaka mmoja, saa chache kila juma.

Shule hufunguliwa mwanzoni mwa Septemba. Prefe au mkurugenzi wa shule ya Mitwaba anayetaka stajieri aandike kwa chuo cha Lubumbashi kabla ya Julai kwisha, ataje mwalimu atakayemsimamia, na aeleze wazi ni nani atakayeshika ufunguo wa kabati.